Nilitumwa Cape Town Kumchunguza Mchumba

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Duka langu la vitenge liko Mbale, mtaa wa Nabuyonga, na kila kitambaa kinachoingia mlangoni nakilowesha pembe kwa mate, nakisugua kwenye leso nyeupe, naangalia kama rangi inatoka. Mfanyabiashara mmoja Mkenya, anayeniletea mzigo kupitia mpaka wa Malaba, aliwahi kuniambia kwamba siku ya kiyama nitawadai malaika vitambulisho. Nilicheka. Kisha nikafungua bando la pili mbele ya macho yake, na leso ikawa buluu. Tangu siku hiyo hanitanii tena kabla sijamaliza kukagua.

Kwa hiyo kaka yangu alipotafuta mtu wa kumtuma Cape Town, hakusumbuka kuchagua. Yeye anaishi Mpumudde, upande wa Jinja, na anauza vipuri vya pikipiki pale Nalufenya. Ni mtu wa msikitini, mmoja wa wazee wa kamati, mpole wa maneno kuliko mimi. Binti yake wa kwanza alikuwa na mwaka wa nne huko Afrika Kusini, akifanya kazi hotelini. Hivyo ndivyo sote tulivyojua. Siku moja alimpigia baba yake simu, akamwambia kwamba amepata mchumba, Mwislamu, mzaliwa wa kule kule, na kwamba kijana anataka kuleta watu wake rasmi.

Nilipanda gari la asubuhi kutoka Mbale, na saa nane mchana nilikuwa nimekaa barazani kwa kaka yangu. Nyumbani kwetu tumezungumza Kiswahili tangu utoto, ingawa majirani wengi wanakiogopa kwa sababu kinawakumbusha wanajeshi na amri zao. Kaka alizungumza polepole, akitazama chini.

"Dada, wewe enda uone ile mtu," alisema. "Kama iko na bibi ingine, kama nakunywa pombe, niambie. Wewe ukisema hapana, basi, ni hapana."

Hapo inabidi nieleze jambo moja, maana bila hilo safari yangu yote haina kichwa wala miguu. Kwetu, kwa Wasoga na majirani zetu, dini yoyote uliyo nayo, msichana haolewi kabla shangazi yake, yaani senga, hajamtazama mwanamume kwa macho yake mwenyewe. Baba hamchunguzi. Mama ndiye hakaribii kabisa: mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai chumba kimoja wala hawapeani mikono, na anayevunja mwiko huo hupatwa na buko, mikono ikatetemeka mpaka anaingia kaburini. Kazi yote ni ya senga. Yeye anakaa na kijana, anakula naye, anamwuliza maswali ambayo mtu mwingine angeona aibu kuyauliza, halafu anarudi na kusema kwa kinywa chake mbele ya wazee. Habari ya namna hiyo haitumwi kwa simu.

Tiketi aliituma binti mwenyewe, tena upesi sana, jambo ambalo lingenishtua kama lingefanywa na mtu mwingine yeyote. Lakini yule ni mtoto wetu. Nikafunga sanduku.

Mlima wa Cape Town, niseme ukweli, haukunitisha. Umekatwa juu ukawa bapa kama meza, na watu wanatoka nchi za mbali kuja kuutazama na kupiga picha. Mimi nimezaliwa Mbale, chini ya mlima Wanale, nao umekatwa vilevile, na hakuna aliyewahi kunilipisha kuinua macho. Bahari ndiyo iliyonishinda. Sisi tumezoea maji yenye ng'ambo; hata ziwa letu, unajua upande wa pili kuna mtu anakaanga samaki. Maji ya kule hayana upande wa pili, na jua linawaka lakini ukichovya mguu unautoa mbio kwa baridi. Jua kali namna ile na maji baridi namna ile, mahali pamoja, nilijiambia kuna mtu anatudanganya.

Kijana alinipokea uwanja wa ndege, amekuja na binti. Mrefu, mwembamba, ndevu zimekatwa vizuri, shati limepigwa pasi. Alikuwa dereva wa watalii, mwenye gari dogo la abiria wanane. Nilipomkaribia alirudi nyuma hatua mbili, akaliweka toroli la mizigo katikati yetu, akainamisha kichwa na kutoa salamu za dini kwa sauti ya chini. Nilizipokea. Siku ile nilimpa alama nzuri, maana nilidhani ni staha.

Siku ya pili nilianza kuhesabu hatua.

Alitupeleka kwenye mlima. Kuna kijumba cha vioo kinachovutwa kwa waya hadi juu, na ndani yake unazunguka taratibu kana kwamba kupanda tu hakutoshi kukutia kizunguzungu. Kijana alisema ameshapanda mara nyingi, atatungoja chini. Alitupeleka kuwatazama pengwini, ndege weusi kwa weupe wanaoishi ufukweni katikati ya nyumba za matajiri. Wananuka kama mwalo wa Masese pale Jinja siku ya dagaa, na watu wanaovaa manukato ya bei wamesimama wanawachekea. Kijana alibaki kwenye uzio. Bandarini kulikuwa na sili, mnyama mnene wa baharini, amelala juu ya mbao tumbo juu kama mlevi wa soko, na mzee mmoja anamlisha samaki huku akiwadai watazamaji sarafu. Nilimwambia binti kwamba yule sili na yule mzee wamekula njama. Alicheka mpaka machozi. Kijana hakucheka, kwa sababu alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, ambako asingeweza kunisikia.

Kila nilipogeuka kumwuliza jambo, binti ndiye aliyejibu. Anasali? Anasali, Senga, tano zote. Alishawahi kuoa? Hapana, Senga. Chakula kikiletwa, kijana alimpa binti sahani, binti akanipa mimi. Nikikaa kiti cha mbele, alisimamisha gari akaomba, kupitia kwa binti, nihamie nyuma kwa sababu ya usalama. Usalama gani? Barabara zao ni laini kama ukuta wa benki.

Moyo wangu ukaanza kunionya. Ninavyojua mimi, mwanamume anayemkimbia senga ana mke mahali. Nalijua hilo kwa mwili wangu. Mimi mwenyewe nilichunguziwa mume na senga wangu, mwanamke mkunjufu aliyependa kukaribishwa. Alikaa siku tatu Tororo kwa watu wa yule bwana, wakamchinjia, wakampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akarudi akasema mtu ni mzuri. Mwezi wa tano wa ndoa alikuja mwanamke mlangoni kwangu na watoto wawili, akauliza baba yao yuko wapi. Niliondoka na cherehani yangu na sikurudi. Senga wangu alilia sana, aliniomba radhi, nami nilimsamehe mbele za watu. Rohoni ilichukua miaka.

Basi nilichunguza. Tulikwenda kwa mama yake kijana, kwenye mtaa ule wa mteremko ambako kila nyumba imepakwa rangi yake, waridi, manjano, kijani. Mama ni mwanamke wa heshima, kichwa kimefunikwa, mkono mwepesi wa viungo. Alitupa wali wa zafarani na nyama yenye utamu wa matunda makavu, na nikala huku nikitazama viatu mlangoni. Palikuwa na viatu vidogo vyekundu vya kike. Niliuliza ni vya nani. Ni vya mjukuu, mtoto wa dada yake kijana, na mtoto akaitwa akaja akavivaa mbele yangu, vikamkaa sawasawa. Nilikwenda msalani nikatazama miswaki. Ijumaa niliswali upande wa wanawake katika msikiti wao, na baada ya sala nikawauliza akina mama watatu, mmoja mmoja, bila mmoja kumsikia mwenzake. Wote walimsifu. Sifa zikifanana sana nazo nazishuku, lakini sikupata pa kushika.

Kitu kimoja tu kilibaki. Katika safari zake za kazi, kijana huwapeleka watalii kwenye mashamba ya mizabibu, nyuma ya mlima, kunakotengenezwa mvinyo. Nilimwambia binti twende huko nikaone jinsi wafanyakazi wanavyomsalimia. Mlevi hujulikana kwa salamu anazopewa. Binti alisema kichwa kinamuuma. Kesho yake nikamkumbusha, kichwa kikauma tena. Nikawaza kwamba anamfichia. Nilimhurumia, maskini, nikaona amependa kupita kiasi.

Siku ya sita binti alikwenda kazini asubuhi. Namba ya kijana nilikuwa nayo, mama yake ndiye aliyenipa. Nilimpigia, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba nataka kutoka. Alisita. Alikuja. Nami sikungoja mtu anifungulie. Nilifungua mlango wa mbele nikakaa kando yake na mkoba mapajani.

Aliruka nje kama aliyekalia siafu.

Nikashuka nami. Upepo wa mji ule haumwachi mtu na nguo zake, nikawa nimeshika mtandio kwa mkono mmoja na mlango wa gari kwa mwingine. Nilimwuliza kwa nini ananikimbia kama ana roho safi. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, na nikaona kwamba alikuwa amechoka.

"Niliambiwa nisikukaribie," alisema. "Niliambiwa kwenu mchumba akimkaribia shangazi wa msichana, mikono yake itatetemeka maisha yake yote. Mimi ni dereva, mama. Mikono ndiyo kazi yangu."

Niliuliza nani alimwambia, ingawa hapakuwa na haja ya kuuliza.

"Yeye."

Buko ni ya mama mkwe. Senga hana buko; senga ndiye anayepaswa kukaa na kijana goti kwa goti. Hakuna msichana wa Jinja asiyelijua hilo, na huyu alikuwa ameambiwa na mimi mwenyewe. Alipovunja ungo aliletwa kwangu Nabuyonga likizo nzima, nikamfundisha kila anachopaswa kujua mwanamke, pamoja na hilo, nikamrudishia mara mbili mpaka akakariri. Hakukosea. Alichukua mwiko niliomfunza, akaupindisha kidogo tu, akatutenganisha nao mimi na huyu kijana kwa siku tano. Na mimi, niliyekagua hata miswaki ya watu, sikuona.

Nilimwambia anipeleke anakofanya kazi binti.

"Hotelini?" aliuliza.

"Anakofanya kazi," nilisema.

Alizungusha ufunguo mkononi kwa muda. Kisha akasema kwamba nikimwamuru atanipeleka, lakini njiani hatanieleza kitu, kwa sababu si habari yake kuieleza. Nikakaa mbele, safari hii hakuruka. Hatukwenda upande wa mjini kwenye mahoteli. Tulipanda bega la mlima, tukashuka upande wa pili, kwenye bonde lililojaa mizabibu kwa mistari, majani yake machanga, na nyumba nyeupe za kizamani chini ya miti mikubwa. Mlinzi wa lango alimsalimia kijana kwa jina. Wiki nzima niliitamani salamu ile niipime, na sasa ilipita masikioni bila kunishughulisha.

Alisimamisha gari kwenye kivuli, akanyoosha kidole kwenye jengo lenye ukuta wa kioo, akabaki garini. Nilikwenda peke yangu hadi kwenye kioo.

Ndani kulikuwa na meza ndefu na wageni kama kumi, na mbele yao amesimama mtoto wa kaka yangu. Amevaa aproni nyeusi. Kitambaa cha kichwa amekifunga nyuma ya shingo, kidogo, kama wapishi. Alimimina mvinyo mwekundu kwenye glasi, akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha, akaiingizia pua, kisha akapiga funda. Akausukasuka mdomoni huku wageni wanamtazama. Halafu akainama, akatema kwenye chombo cha bati kilichokuwa mezani, akapangusa midomo na kuanza kuwaeleza, na mkono wake wa kulia ukawa unapanda na kushuka vile vile alivyofanya likizo ile akiuza kitenge dukani kwangu. Wageni walimsikiliza kama wanafunzi. Alikuwa hodari, ndilo lililoniuma zaidi. Mtu hawi hodari hivyo kwa kazi ya juzi.

Aliponiona, alimaliza sentensi yake. Nampa haki yake kwa hilo. Alimwomba mwenzake ashike zamu, akatoka, tukakaa kwenye benchi bustanini, naye akaanza kuzungumza kabla sijafungua mdomo.

"Senga, mimi hapana kunywa. Hata siku moja. Naonja, natema. Umeona mwenyewe, natema yote."

"Na baba yako anajua kama unatema?" nilimwuliza.

Alifungua kamba ya aproni. Kisha habari ikatoka vipande vipande. Hoteli ilikuwa kweli, mwaka wa kwanza. Halafu ikapunguza watu, naye akiwamo, na mgeni mmoja wa zamani akamwonyesha kazi hapa, kuosha glasi. Siku moja mkubwa wake akagundua kwamba akinusa chupa iliyoharibika anaijua kabla ya wengine. Wakampa kujaribu nyingine, na nyingine. Pua, Senga, alisema, pua ndiyo ilinipandisha cheo. Pua ya kunusa kilichoharibika tunajua ameitoa kwa nani.

Nilisema aeleze yote. Akaeleza. Mshahara wa hapa ndio aliokuwa akiutuma nyumbani miaka mitatu. Karo za wadogo zake. Dawa za mama yake. Na mwaka jana, kamati ya msikiti ilipokuwa inatafuta msaada na baba yake ameona aibu kwenda mikono mitupu, alituma tena.

"Yale mabomba ya kutawadhia pale msikitini, Senga," alisema. "Pesa yake ilitoka hapa."

Nilikasirika, na sitaki kulipunguza neno. Nilikasirika kwa sababu ya mvinyo, na kwa sababu ya mabomba, lakini zaidi ya yote nilikasirika kwa sababu ya buko. Nilimwambia kwamba kudanganya kuhusu kazi ni uongo wa mtu mwenye shida, nimeuona kwa wengi. Lakini kuchukua kile nilichomfundisha mimi, ili anizibe nacho macho, hilo ni jambo lingine. Alilia. Sikumshika bega.

Kijana alikuwa ametoka garini akatukaribia. Alikaa kwenye ukingo wa mawe, karibu, mikono juu ya magoti. Nilimwuliza tangu lini anajua. Tangu mwanzo, alisema, walijuana hapo hapo. Yeye alikuwa akiwaleta watalii na kuwasubiri garini na chupa yake ya chai. Alisema anawaleta watu wanywe na analipwa kwa hilo, kwa hiyo yeye si wa kumhukumu mtu. Kisha akasema neno ambalo nililibeba mpaka Jinja.

"Lakini sitakaa mbele ya baba yake nikiwa na kitu asichokijua. Nimemwambia hivyo mwaka mzima. Akijua akakataa, nitaomba tena. Asipojua, siwezi."

Binti alinigeukia, macho mekundu. Aliniomba niseme tu kwamba kijana ni mzuri. Si uongo, alisema. Na kweli haukuwa uongo. Kila swali nililotumwa nalo lilikuwa na jibu zuri: hanywi, hana mke, anasali, watu wake ni watu. Baba angetoa radhi. Na kijana, alisema, atamlainisha baadaye. Nilimtazama kijana pale kwenye mawe, nikaona kwamba huyo halainishwi. Kwa hiyo ndivyo lilivyosimama. Baba akiambiwa, huenda akakataa. Baba asipoambiwa, kijana atajitoa. Na kinywa cha kusema au kunyamaza kilikuwa changu.

Siku moja kabla ya kuondoka walinipeleka kuona nyangumi. Barabara inapita juu ya ghuba, unasimama ukutani unatazama chini. Nyangumi alitokea karibu kuliko nilivyotarajia, mgongo mweusi mpana, akapuliza maji kwa sauti nzito, akazama, akarudi na mtoto wake ubavuni. Siku nyingine ningetafuta waya unaomvuta. Siku ile nilitazama tu. Binti alisema baba yake angependa kuona, akaacha kusema. Tulirudi garini.

Kutoka Entebbe nilikwenda moja kwa moja Jinja, nikachukua bodaboda mpaka Mpumudde na sanduku langu mbele ya dereva. Wazee wawili walikuwa wamekwisha kaa sebuleni na kaka yangu. Wifi yangu alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, namwona vidole vya miguu. Nilipewa chai, nikaombwa niseme.

Nilisema. Hana mke, nimetafuta. Hanywi. Anasali, nimeuliza watatu. Mama yake anajua kupika na anajua kunyamaza. Ana kazi yake na gari lake. Wazee walifurahi, wakasoma Fatiha, mmoja akaniambia kwamba kama mimi nimeshindwa kupata kasoro, basi kijana yule ni wa kutunzwa. Adhana ya alasiri ikaita, wakatangulia msikitini. Kaka yangu aliinuka kuwafuata, akafika mlangoni, akasimama na mgongo wake kwangu.

"Na mtoto yetu," alisema. "Yeye uliona vizuri?"

"Hukunituma kuangalia yeye."

"Najua." Alirudi akakaa. Alikuwa anatazama mkeka. "Dada, mimi nilituma wewe sababu wewe hapana wacha kitu. Sasa kama iko kitu, kaa nayo. Mimi sitaki jua."

Ndipo nilipoelewa kwamba ameshuku siku nyingi, pengine tangu pesa za kwanza, na kwamba alikuwa amemtafuta mtu wa kuibeba shaka ile badala yake. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningenyamaza tu, na yeye mwenyewe angenishukuru. Sijawahi kutamani kunyamaza kama siku ile, mimi ambaye watu wananijua kwa kinywa.

"Lazima ujue," nilimwambia. "Ile kijana hapana oa yeye kama wewe hujui. Amesema."

Nikamweleza. Sikupunguza chochote wala sikutia chumvi: kioo, aproni, chombo cha bati, miaka mitatu. Vidole nyuma ya pazia vilitoweka. Kaka yangu hakuniuliza kitu mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza jambo moja.

"Na mabomba?"

Nikasema ndiyo.

Alivua kofia yake akaiweka gotini. Tulisikia msikitini wakikimu sala, na yeye hakuinuka. Katika maisha yetu yote sijapata kumwona kaka yangu akiwa mzima, yuko nyumbani, na sala ya jamaa inasimama bila yeye. Nilidhani ameumwa. Nilitaka kuita wifi yangu, lakini alinyoosha mkono akachukua simu yake, akatafuta jina polepole, akapiga.

Binti alipokea upesi, nadhani alikuwa ameishika mkononi tangu asubuhi. Nilisikia sauti yake ikiita baba, mara ya kwanza, mara ya pili. Kaka aliitoa sikioni. Akanipa simu.

Nilimwambia binti kwamba ni mimi, na kwamba baba yake amejua yote. Aliuliza kama amekasirika. Nikasema ndiyo, amekasirika sana, yuko hapa mbele yangu na hajaenda kusali. Kaka aliinua mkono kunikatiza.

"Uliza yeye," alisema, "ile kijana nakuja lini."

Nikauliza. Upande wa pili nikamsikia analia, na nikamwambia alie upesi kwa sababu baba yake anangoja jibu.